Sauti ya Mama na Mabomba Yasiyopasuka

Jumatatu, 3 Machi

Mwalimu wa Kiswahili ametuambia kila mmoja wetu aandike shajara hadi mwisho wa muhula. Hataisoma. Atahesabu kurasa tu. Amesema tuandike ukweli, kwa sentensi fupi, bila mapambo. Nitajaribu.

Ukweli wa leo ni huu. Mama anafanya kazi kwenye chumba cha simu cha kampuni ya maji. Wako wanawake sita. Mtu akikosa maji, au bomba likipasuka mtaani kwake, hupiga namba ya bure na mmoja wao hupokea. Mama amekalia kiti chake miaka kumi na moja. Ada yangu inatoka kwenye sauti yake.

Mwezi uliopita walimpeleka Mama kwenye chumba chenye sponji ukutani, akasoma karatasi kwa sauti siku tatu. Namba, majina ya mitaa, pole, asante, tafadhali subiri. Alirudi amefurahi. Alisema wamemchagua yeye kwa sababu matamshi yake ni safi. Bibi alimchemshia maji akaweka asali, kwa ajili ya koo.

Leo tumejua karatasi zile zilikuwa za nini. Kampuni imeleta mtambo wa akili mnemba. Unapokea simu wenyewe, unauliza wenyewe, unaandika taarifa wenyewe. Na unazungumza kwa sauti ya Mama.

Msimamizi amewaambia wasiwe na wasiwasi, mtambo umekuja kuwasaidia. Kisha amewaambia kwamba orodha ya watakaobaki itasomwa Ijumaa, tarehe 21. Mama alitusimulia haya huku akikunja nguo. Shati moja alilikunja mara nne.

Jirani yake wa kiti anaitwa Kengele, kwa sababu ya kicheko chake. Yeye ameupachika mtambo jina la Mke Mwenza. Kasema umeingia kwa upole, umekaribishwa kiti, na sasa wenye nyumba ndio wanaoambiwa wasogee.

Bibi alicheka. Mama hakucheka. Nimeamua kumsaidia.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa Kwanza: kuuchosha.

Kiranja wa darasa letu amesema mtambo ukipewa kazi nyingi kwa mpigo huzidiwa na kuzima. Sipendi kumwamini Kiranja. Lakini baba yake ni fundi wa mabomba kwenye kampuni hiyohiyo, kwa hiyo huenda anajua. Aliongeza kwamba kazi ya baba yake haina hatari yoyote, kwa sababu hakuna mtambo utakaokubali kuingia shimoni kwenye matope. Alisema hivyo akinitazama mimi. Nilimpa hongera.

Baada ya shule niliazima simu ya Bibi nikaenda nyuma ya nyumba, penye kamba ya nguo. Nikapiga. Iliita mara moja tu. Kisha Mama akasema karibu, eleza tatizo lako.

Nikakata. Ilikuwa sauti yake kabisa, ile iliyonyooka, anayoitoa wageni wakija. Niliketi kwanza juu ya ndoo iliyopinduliwa. Halafu nikapiga tena.

Nimetoa taarifa kumi na nne za mabomba yaliyopasuka, kwenye mitaa kumi na minne ninayoijua. Nilikuwa mzee. Nilikuwa mwanamume mwenye mafua. Nilikuwa mama mwenye haraka, na mwanajeshi mstaafu mara mbili. Kila mara mtambo ulinishukuru ukanipa namba ya taarifa. Haukuguna. Haukuuliza inakuwaje mwanajeshi mstaafu na mama mwenye haraka wanatumia simu moja. Mama angeuliza.

Kilichozima ni simu ya Bibi. Chaji iliisha.

Mama aliporudi aliuliza kwa nini sauti yangu imekauka. Nikasema nilikuwa nafanya mazoezi ya shairi. Akanichemshia maji akaweka asali. Niliyanywa kwa shida.

Alhamisi, 6 Machi

Kiranja ameingia darasani amenuna. Baba yake na wenzake wamechimba tangu juzi jioni kwenye mtaa wa mafundi cherehani, mtaa wa zahanati na kwingineko. Mabomba yote wameyakuta mazima. Mwenye duka mmoja, aliyechimbiwa mlangoni, aliwafukuza kwa ufagio. Kiranja alisema baba yake anamtafuta mpuuzi aliyetoa taarifa zile, na akimpata atamzika kwenye shimo mojawapo, kwa kuwa yapo tayari. Nilimpa pole. Nikamwazima na rula.

Mama naye ana habari zake. Fundi mkubwa aliingia chumba cha simu akiwa na matope mpaka kwenye nyusi, akauliza ni nani kati yao aliyepokea taarifa hizo. Kengele alimjibu kwamba wao siku hizi ni wageni, amuulize Mke Mwenza. Wote sita walicheka. Mama alisema ilikuwa mara ya kwanza wiki hii.

Nilikuwa nakaribia kufurahi. Ndipo akaongeza kwamba Msimamizi amebandika karatasi ukutani, yenye kusema kuwa Jumanne mtambo ulipokea simu nyingi kuliko siku yoyote na hakuna mteja hata mmoja aliyesubiri. Wakubwa wamepiga makofi.

Mpango wa Kwanza umeshindwa.

Jumamosi, 8 Machi

Mpango wa Pili: Bibi.

Mama ameeleza kwamba simu zikiushinda mtambo, hurushwa kwa binadamu. Nimefikiri hivi: zikirushwa nyingi, binadamu wengi watahitajika. Na mimi ninaishi na mtu anayewashinda binadamu wenyewe. Bibi hazungumzi jambo kabla ya salamu, na salamu zake zina vituo kama treni. Hushuki mpaka ufike.

Nilimwomba apige simu alalamikie bomba letu, ambalo asubuhi hutoa maji ya rangi ya kutu. Hilo ni kweli tupu. Sikumwambia kuhusu sauti. Nilidhani alikuwa amesikia Mama akisimulia, kumbe siku ile alicheka tu kwa ajili ya mke mwenza.

Mtambo ulisema karibu, eleza tatizo lako. Bibi akauliza ndiyo salamu gani hiyo. Mtambo ukamwomba ataje namba ya mteja. Bibi akajibu kwamba mteja ni yeye aliyembeba miezi tisa, na namba ya mtoto wake ni ya kwanza. Mtambo ukaomba radhi kwamba haukuelewa. Bibi akasema tangu utotoni hukuwa mwepesi wa kuelewa, lakini shikamoo ulikuwa unaijua. Mtambo ukamwambia kama tatizo ni maji machafu, aseme ndiyo. Bibi akanirudishia simu kwa mkono ulionyooka, akasema mama yangu amepata kiburi cha ofisini.

Nilimweleza kwamba ule ni mtambo. Alinijibu kwamba sauti ile aliisikia ikilia kabla dunia nzima haijaisikia, nisimfundishe.

Saa nane mchana Mama alirudi, akatoa shikamoo mlangoni. Bibi aligeukia ukuta, akamwomba ataje kwanza namba ya mteja.

Ilichukua muda kulimaliza. Mama alipoelewa alicheka sana, mpaka akashika meza. Kisha akaenda kunawa uso, akakaa huko muda mrefu kuliko uso mmoja unavyohitaji.

Na simu yenyewe haikurushwa kwa mtu. Mtambo uliandika kwamba mteja ametoa maoni.

Jumapili, 9 Machi

Mpango wa Tatu: barua rasmi.

Huu ndio uliopaswa kuwa wa kwanza. Muhula uliopita barua yangu rasmi ilipata alama kumi na nane kwa ishirini. Kila mtu ashike alichopewa.

Nimemwandikia Meneja kurasa mbili. Nimeorodhesha mapungufu ya mtambo, moja baada ya jingine, kwa mifano. Hausalimii. Haumtofautishi mzee na mtoto, wote unawaita mteja. Hausubiri mtu amalize. Mama husubiri, maana tatizo lenyewe huja mwishoni, baada ya mtu kueleza habari za mgonjwa na za jirani. Hausemi pole, na ukisema unaisema kama namba. Mtu akilia, unamwambia arudie. Haujui kunyamaza. Nilitaka kuongeza kwamba haushangai mtu mmoja akija na sauti nne, lakini nikaifuta sentensi hiyo.

Nimehitimisha kwamba kwa sababu hizo mtambo hauwezi kamwe kufanana na wapokeaji simu sita wa kampuni. Nimetia sahihi, jina langu kamili, na anwani ya shule, kama tulivyofundishwa.

Jumatano, 12 Machi

Nimeipeleka barua kwa mkono. Pale getini kuna sanduku la maoni. Mlinzi amesema hiyo ni karatasi ya kwanza kuingia humo tangu sanduku lipakwe rangi, na kwamba kabla yake aliishi mjusi. Tumelitikisa kwanza. Hakuwemo.

Dirishani nilimwona Mama kwa nyuma. Alikuwa amevaa spika za masikioni, mikono ameiweka mezani, hazungumzi na mtu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimejibiwa. Nimejibiwa mbele ya shule nzima.

Mwalimu Mkuu alisoma jibu kwenye mstari wa asubuhi. Meneja anamshukuru mwanafunzi huyu kwa barua bora kuliko ripoti yoyote aliyopata kutoka kwa wataalamu wake. Mapungufu yote yaliyoorodheshwa yamerekebishwa, moja baada ya jingine, kwa kufuata mifano iliyotolewa. Kama zawadi, kampuni inamtunuku ndoo ya bluu yenye mfuniko na nembo.

Makofi yalipigwa. Kiranja alipiga kwa vidole viwili. Mwalimu wa Kiswahili alisema amejivunia hasa mpangilio wa aya.

Nilirudi nyumbani na ndoo. Nikaenda penye kamba ya nguo nikapiga. Mtambo uliona namba ya Bibi, ukasema shikamoo Bibi, umeamkaje, na yale maji ya kutu yameendeleaje. Nilinyamaza. Nao ukanyamaza, ukanisubiri. Halafu ukasema pole.

Uliisema vizuri sana. Nilikaribia kulia.

Jumanne, 18 Machi

Bibi ameanza kuupigia. Leo asubuhi amezungumza nao dakika ishirini: kutu, magoti, na jirani anayeanika nguo kwenye kamba yetu. Mama alikuwa anavaa viatu. Akamuuliza Bibi anazungumza na nani alfajiri yote hii. Bibi alisema anazungumza na yeye. Akaongeza kwamba huyu wa kwenye simu ana nafasi.

Mama alifunga kamba za viatu polepole, akaondoka.

Jioni amesema kwamba leo, kati ya simu zote za mji, zilizorushwa kwao ni nne. Wanawake sita, simu nne. Kengele ameleta sindano za kufumia, na kufikia saa tisa alikuwa na soksi moja nzima. Amesema ya pili ataimaliza Ijumaa, kwa orodha yoyote itakayosomwa.

Nilishindwa kula. Nikamwambia Mama kwamba ile barua ni yangu. Alikuwa anajua. Imebandikwa ukutani ofisini, pembeni ya ile ya makofi. Alisema mwandiko ni mzuri. Kisha akauliza nilijifunza wapi mambo yale yote, ya kusubiri mtu amalize na ya kujua kunyamaza. Nikasema nilijifunza kwake, nilipokuwa mdogo, nikimngoja chini ya meza yake siku za likizo.

Akaninyooshea kola ya sare, ingawa ilikuwa imenyooka.

Ijumaa, 21 Machi

Orodha imesomwa. Naandika kama Mama alivyosimulia.

Haikuchukua dakika moja, kwa sababu haikuwa na majina. Chumba cha simu kinafungwa. Msimamizi alisema kampuni inawashukuru. Alikuja na katoni ya kuwekea spika za masikioni. Walizivua mmoja mmoja wakaziweka. Kengele aliuliza kama Mke Mwenza atahitaji na mto wa kiti chake. Akauchukua kwapani.

Ndipo Msimamizi akasema kuna nafasi moja mpya, ya nje. Mafundi wamegoma kuchimba. Tangu siku ile ya taarifa kumi na nne za uongo wamesema hawainui sururu tena kabla mtu hajaenda kuangalia kwa macho kama bomba limepasuka kweli. Mtambo hauna macho, na hauna miguu. Anatakiwa mkaguzi wa kutembea. Akauliza nani anaijua mitaa.

Wote watano walimnyooshea Mama kidole. Miaka kumi na moja ameisikiliza mitaa ya mji huu. Hajafika hata nusu yake, lakini anajua lipi ni bomba la kuvuja kila mvua na yupi ni mteja wa kukuza mambo. Msichana wa kiti cha mwisho, ambaye ana mtoto wa kunyonya, alinyoosha kidole akitazama sakafu. Kengele alimwambia Msimamizi ampe huyo, ana mtoto shuleni, na tena sauti yake imeshaajiriwa, basi na mwenye sauti aajiriwe.

Ni mkataba wa miezi mitatu. Baada ya hapo wataangalia. Taarifa za uongo zikiisha, nafasi nayo itaisha.

Mama amerudi na mabuti ya mpira, namba moja zaidi ya mguu wake. Alikaa akayatazama. Alisema amepata kazi na anamfikiria Kengele. Nikauliza Kengele atafanya nini. Mama alisema Kengele mwenyewe hajui. Alicheka alipowaambia hivyo, ila safari hii hakuna aliyeitikia.

Kwa hiyo Mpango wa Kwanza haukushindwa. Ulihitaji muda tu, kama mbegu. Wengine watano sikuwa nimewapangia. Nimejaribu kuandika sentensi nyingine juu yao na sikuipata.

Jumatatu, 24 Machi

Nimemjulisha Kiranja kwamba Mama naye sasa anavaa mabuti. Nilidhani atanuna. Akasema baba yake Jumamosi alirudi nyumbani mapema, msafi, kwa mara ya kwanza tangu mwezi uanze, kwa sababu Mama aligundua bomba la kweli chini ya ukuta kwa kumuuliza tu mama mmoja kuku wake wanakunywa wapi. Tulikaa benchi moja wakati wa mapumziko. Alinirudishia rula.

Mama amefika jioni akichechemea. Mabuti yamemtoa malengelenge visiginoni. Amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Nilimjazia maji ya moto yenye chumvi kwenye ndoo ya bluu, akatia miguu. Bibi alimuuliza nani alimtuma kuacha kazi ya kukaa kivulini. Mama alisema hakuna aliyemtuma, ni kazi tu. Nilienda kuanua nguo.

Jumatano, 26 Machi

Habari mbaya. Mama amesema tangu jana hakuna taarifa hata moja ya uongo. Kila alipokwenda amekuta maji yanamwagika kweli. Watu wa mji huu wote wamekuwa waaminifu kwa pamoja. Yeye alisimulia kama jambo jema. Lakini Msimamizi aliandika kwenye daftari lake, akasema wakienda hivi huenda miezi mitatu ikawa mingi.

Mama hakuonekana kuelewa uzito wake. Nimeuelewa mimi.

Alhamisi, 27 Machi

Mpango wa Nne. Ni uleule wa kwanza, ila sasa najua unafanya kazi.

Baada ya shule nilichukua simu ya Bibi, nikaenda penye kamba ya nguo, nikapindua ndoo ya zamani nikaketi. Nilikuwa nimeandaa mitaa kumi na minne, na nimeipanga kwa alfabeti.

Kisha nikafikiria visigino vya Mama. Mimi si mtu asiye na huruma. Bomba la kwanza nimelipasua hapahapa kwenye mtaa wetu, karibu na nyumba, ili kesho akija kukagua apite nyumbani ale chakula cha mchana na kuvua mabuti kidogo.

Mtambo ukasema shikamoo Bibi, nikaujibu kwa sauti ya mwanajeshi mstaafu kwamba simu nimeiazima. Mtambo ulinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza. Ukanipa pole kwa usumbufu. Ukasema asante sana, mkaguzi wetu atafika kesho asubuhi. Kwa sauti ile iliyonyooka.

Niliporudi ndani Mama alikuwa amesinzia kitini, miguu ndani ya ndoo ya bluu. Mlango ulilia. Akafumbua jicho moja, akauliza nilikuwa nazungumza na nani huko nje.

Nikasema nilikuwa nazungumza na yeye.

Akatabasamu, akafumba jicho. Imebaki mitaa kumi na mitatu.